Akina Donatus Watatu na Mkono wa Askofu

Namshukuru Mungu, ambaye watu wake ni wengi kuliko majina yao, na bado hajawahi kumwita mmoja akaitika mwingine. Namshukuru kwa macho yaliyonifaa mpaka siku ya kustaafu, kwa vidole ambavyo bado vinashika brashi, na kwa ninyi vijana wa jumuiya yetu mlioniomba niandike habari za kazi yangu. Najua wengi wenu mkiulizwa kwa Kiswahili mnajibu kwa Kiingereza. Haidhuru. Someni kwa Kiswahili, mcheke kwa lugha mnayotaka.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza sanamu za makanisani. Sikuwa mchongaji. Waliozichonga walishakufa zamani, mimi niliziganga. Watakatifu wa Toronto wanaumwa sana, wanangu. Baridi inawapasua, vipasha joto vinawakausha, ngazi za wasafishaji zinawagonga vichwa. Lakini anayewaumiza kuliko wote ni mtu anayewapenda. Nimeona vidole vya miguu vilivyoliwa na mabusu mpaka vikabaki kama mbegu za maharage. Mtakatifu asiyependwa na mtu hukaa miaka mingi mzima kabisa, ukimfuta vumbi tu anang'aa.

Nilifundishwa na Mzee Rocco, Mtaliano aliyekuwa na karakana chini ya ardhi, nyuma ya duka la mikate. Nilikwenda kwake kuomba kazi ya kufagia. Alinitazama mikono, hakunitazama uso, kisha akanipa pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti na kunielekeza kwenye shavu la mtakatifu fulani.

"Mate," akasema.

"Mate ya nani?"

"Yako. Yangu yamezeeka."

Nilidhani mzee ananidhihaki mimi na imani yangu pamoja. Kumbe ni kweli: maji yanailainisha plasta, sabuni inakula rangi, lakini mate ya mtu yanaondoa moshi wa mishumaa taratibu bila kudhuru kitu. Moyo wangu ulitulia nilipokumbuka kwamba Bwana wetu naye alitumia mate kumfungua kipofu macho. Mzee Rocco aliongeza sharti moja: siku ya kusafisha uso wa askofu nisile kitunguu. Nikamwambia nimefurahi kuona anavyowaheshimu maaskofu. "Si kwa ajili ya askofu," akasema. "Ni mimi ninayekaa karibu nawe."

Siku hizi mambo yamebadilika. Ukipoteza kidole cha malaika, kuna kijana atakipiga picha kidole cha mkono wa pili, mashine itakichapa kwa plastiki kabla chai haijapoa. Kinatoka kizuri mno. Mimi sina ugomvi na mashine. Ila mashine hukupa kidole ulichokiomba, haikuulizi kama malaika huyo alikuwa na kidole kama hicho.

Na hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii. Mtakatifu hatambulikani kwa sura, maana nyuso zote zinatazama juu kana kwamba dari inavuja. Anatambulikana kwa kitu alichoshika. Mwenye funguo ni Petro, mwenye macho kwenye sahani ni Lusia. Mkono ukivunjika, unabaki na jina lililoandikwa kwenye kitako cha sanamu, na jina halikusaidii sana, kwa sababu Warumi wa kale walikuwa wabahili wa majina. Walikuwa na machache, wakayatumia mpaka yakachakaa. Ukisoma Antonius, ukisoma Felix, ukisoma Donatus, hujajua kitu bado.

Mzee Rocco aliniambia kwamba ujanani mwake aliletewa Antonius aliyepoteza mikono. Akampa ua la yungiyungi na Mtoto Yesu, kama Antonius wa Padua, yule wa kutafuta vitu vilivyopotea. Baadaye akagundua ndevu zile ndefu ni za Antonius mwingine kabisa, mkaa pweke wa jangwa la Misri, ambaye huchongwa na nguruwe miguuni. Akabeba vifaa vyake kwenda kusahihisha. Akina mama wa parokia wakamzuia mlangoni. Walikuwa wameshamwomba mzee wa jangwani miwani, funguo, na mmoja wao mume aliyetorokea mji wa Hamilton, na vyote vilikuwa vimerudi.

"Anafanya kazi vizuri," wakamwambia. "Mwache."

Akamwacha. "Mbinguni wanajuana," aliniambia, "wanapelekeana ujumbe."

Basi sasa niwaeleze habari ya Donatus, kwa sababu ilitaka kutunyang'anya Misa.

Mnajua kwamba jumuiya yetu ina Misa ya Kiswahili Jumapili moja kwa mwezi, alasiri, katika parokia ile ya karibu na St. James Town. Padri Mkongomani anakuja kutoka mbali kuiongoza, na kabla ya Misa anakaa kuungamisha. Lakini mwenye nyumba ni paroko, Mpolandi mpole, mtu wa kuchoka kimyakimya. Mwaka ule tulikuwa tumeshagombania jiko, tukagombania ngoma, tukagombania nani asome somo la pili. Siku moja paroko akaniita.

"Mama," akasema, "kuna jumuiya nyingine inaomba saa yenu. Wananiomba kwa upole sana. Ninyi mnayo saa, na kila mwezi naitwa kuamua ugomvi. Tukipata ugomvi mwingine, saa hiyo nitawapa wao, na ninyi mtasali pamoja na wengine asubuhi, kwa Kiingereza."

Alisema bila hasira, ndiyo maana niliogopa. Kiingereza changu kinatosha kununua rangi na kumweleza daktari magoti yangu. Hakitoshi kutubu. Na wako wazee wenzangu ambao hata hicho cha kununua rangi hawana.

Tulipotulia kwa hofu hiyo ndipo paroko alipotupatia zawadi ili kutuunganisha. Kulikuwa na kanisa la Wataliano limefungwa, wajukuu wao wamehamia mbali, na sanamu zilikuwa zinagawiwa. Alituletea askofu wa plasta, urefu wa mtoto wa shule ya msingi, kofia ya kiaskofu kichwani, fimbo ya kichungaji mkono wa kushoto. Mkono wa kulia haukuwepo kuanzia kwenye kifundo. Kwenye kitako: S. DONATUS. Paroko alidhani atatufurahisha, kwa kuwa alijua tuna akina Donatus watatu. Maskini, hakujua tulivyo.

Kwetu mwenye jina lako ni somo wako. Humwiti kwa jina, unamwita somo. Unamtania, anakutania, akifiwa unakwenda kukaa naye. Hukumchagua na huwezi kumkataa. Na wa mbinguni ni hivyohivyo: mtakatifu uliyebatizwa kwa jina lake ni somo wako, ana siku yake, na siku hiyo unakula vizuri. Kwa hiyo akina Donatus wetu hawakuiona sanamu kama pambo la kanisa. Waliona ndugu yao amefika kutoka safari ndefu bila mkono, na kabla ya kumtibu walitaka kujua ni wa ukoo gani.

Mzee Rocco alikuwa ameshaitwa na Bwana na karakana imefungwa, hivyo askofu aliletwa nyumbani kwangu, kwenye ghorofa za Flemingdon Park. Tulimpandisha kwa lifti. Humo tulimkuta jirani yangu Bi Zainabu, mwenyeji wa Dar es Salaam, anatoka msikitini. Alimtazama askofu juu hadi chini.

"Huyu mgeni wenu anakaa sana?" akauliza.

"Mpaka apone mkono."

"Sisi sanamu hatuna, dada yangu. Lakini mshikeni vizuri, anaonekana amechoka." Akamsogezea kikapu chake cha mboga ili apate nafasi.

Jumamosi iliyofuata masomo wake hao watatu wakaja kumjulia hali. Mzee Donatus wa Songea, aliyefundisha Kilatini seminari, alikaa kwenye kiti changu kizuri, mkono mmoja mfukoni kama kawaida yake. Donat wa Bukavu, mwendesha mashine ya kupakia mizigo katika bohari, alisimama. Donatien wa Bujumbura, kijana anayehudumia wazee kwenye nyumba zao, alikaa sakafuni na simu. Ndiye mwenye gari kubwa tunalobebea vyombo vya kanisa, na mke wake ndiye anayeongoza kwaya.

"Mama Fundi," Mzee Donatus akaanza, "huyu ni Donatus wa Fiesole. Mwalimu, mshairi, mtu wa Ayalandi aliyekwenda kuhiji Roma akaishia kuwa askofu ugenini. Ugenini, mnanisikia? Mpe kitabu mkononi. Kiwe kimefunguliwa. Mwalimu hafungi kitabu."

"Apana, somo," Donat akasema. "Ule iko Donatus wa Arezzo. Wapagani walivunja kalisi yake ya kioo. Akaokota vipande, akaomba, ikaungana. Kipande kimoja cha chini kilikosa kabisa, na divai haikutoka hata tone! Miye kule bohari kila siku kitu kinavunjika. Mama, mpe kalisi, c'est tout."

"Wote hao wa Ulaya," Donatien akasema bila kuinua uso. "Kuna Donatus wa Karthago. Wa Afrika. Askofu mkubwa."

"Mkubwa wa nini?" Mzee Donatus akauliza.

"Wa msimamo. Wakati wa mateso kuna mapadri walitoa Maandiko wakawapa askari wayachome. Yeye akasema hao hawafai tena kwenye altare. Mama Fundi, mpe Maandiko. Yamefungwa, ameyashika hivi." Akakumbatia simu yake kifuani.

"Kijana, huyo hata si mtakatifu. Huyo ndiye aliyeligawa Kanisa la Afrika. Kila mji maaskofu wawili, hawasalimiani."

"Lakini ni Mwafrika."

"Ndiyo. Hata aliyeniibia baiskeli Songea alikuwa Mwafrika."

Angalieni hapo, wanangu. Wawili kati yao walikuwa wanataka kitabu. Hao waliokubaliana ndio waliogombana zaidi, kimoja kifunguliwe, kingine kifungwe. Donat, kwa nia njema, akasema, "Bon, kifunguliwe nusu," na wote wawili wakamgeukia yeye.

Ingekwisha kwa kelele na chai, kama kawaida. Lakini Mzee Donatus alikuwa mwalimu miaka mingi mno. Akamwambia Donatien, "Na wewe unasemea nini? Jina lako lenyewe si Donatus. Ni Donatianus. Somo wako ni mwingine, nenda ukamtafute Ufaransa."

Donatien akainuka, akachukua koti lake, akasema, "Sawa, Mzee. Kama mimi si wenu, si wenu."

Siku mbili hazijapita zikanifikia habari kwamba Jumapili iliyopangwa kubariki sanamu yeye atafanya sala nyumbani kwake, saa ileile, na kwaya itakwenda huko. Wengine walishaanza kuulizana utakwenda wapi. Nikakaa nikamtazama askofu. Donatus wa Karthago alikuwa amekwisha kushinda, na mimi sijampa hata kitabu.

Mtu akiwa na wasiwasi, afanye kazi. Kifundo cha mkono wa askofu kilikuwa kimezibwa zamani na fundi asiye na haya, plasta mbovu na rangi ya kahawia juu yake. Sikuwa nimeigusa bado, kwa sababu uso huanza na mkono hufuata. Nikaanza kuibandua kidogo kidogo. Ndani nikakuta kifundo cha asili na ncha za waya mbili.

Hapa tulieni niwafundishe. Kidole kilichokunjwa hakihitaji waya, kinaegemea kiganja. Kidole kilichoshika kikombe au kitabu hakihitaji, kinaegemea kitu hicho. Waya huwekwa kwa kidole kinachosimama peke yake hewani. Waya mbili ni vidole viwili vilivyonyooka juu. Na mishipa ya kifundo ilionyesha kiganja kimetazama watu. Nikawapigia simu wote watatu, nikasema maneno yaleyale kwa kila mmoja: "Nimejua alikuwa ameshika nini."

Wakaja mara moja, hata Donatien, kila mmoja na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Nikawaonyesha waya.

"Hakushika kitu," nikasema. "Alikuwa anabariki."

Bomba la kipasha joto likagonga.

"Basi ni yupi?" Mzee Donatus akauliza hatimaye.

"Sijui. Viwanda vya zamani vilikuwa na kalibu moja ya askofu. Fimbo kushoto, baraka kulia. Parokia ikiagiza Donatus, wanaandika Donatus. Ikiagiza Nikolasi, wanaandika Nikolasi. Ni mwili huohuo."

"Nikolasi?" Donat akashika kichwa. "Mama! Tumeacha kusalimiana juu ya Nikolasi?"

Akacheka mpaka akakaa. Mzee Donatus akatabasamu kidogo. Donatien hakucheka. Alikuwa anatazama koti lake mlangoni, na nikaelewa kwamba kwake habari haikuwa tena ya Karthago.

Nikasema bado tunahitaji mkono, na mkono mzuri hauchongwi, unachukuliwa chapa kwa mtu aliye hai. Nina unga ule ambao madaktari wa meno huutumia. Unaukoroga, mtu anatumbukiza mkono, anatulia mpaka uji ugande, na ndani yake unamimina plasta. Nilidhani nawapumzisha. Kumbe nimewasha moto mwingine.

"Chukua wangu," Donat akasema.

"Wako hauna ncha ya kidole cha shahada," Donatien akamjibu, "uliiacha bohari. Chukua wangu, umenyooka."

"Umenyooka, lakini ni wa kijana," nikasema. "Uso wa askofu una makunyanzi. Ukimwekea mkono wa kijana ataonekana ameuazima. Mzee Donatus, lete wako."

Nilitegemea atautoa kwa maringo. Hakuutoa. Alitazama dirishani, kisha akautoa mfukoni polepole. Ulikuwa unatetemeka kama jani.

"Hautulii, Mama Fundi," akasema. "Huu ni mwaka sasa. Ndiyo maana nimeacha kusoma masomo kanisani. Kitabu kinapiga kelele."

Na sisi tulidhani amesusa! Tulimsema sana, Mungu atusamehe.

Donatien aliinuka. Wanangu, mimi nimeishi na ufundi, na fundi nikimwona namjua. Hakumshika mzee kwa nguvu. Alipiga goti kando ya kiti, akaweka kiganja chini ya kiwiko, kingine chini ya kifundo, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, legeza bega. Usipigane nao. Nipe mimi uzito wote." Mkono ukapungua kutetemeka, ukapungua tena, ukawa unapumua tu. "Hivyo. Sasa nyoosha vidole viwili."

Donat akalishika bakuli kwa mikono yote miwili lisiteleze. Nikamimina uji. Tukangoja. Hakuna aliyeweza kubishana, kwa sababu sauti ikipanda bega la mzee linakaza, na bega likikaza tunaanza upya. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona masomo hao watatu pamoja wamenyamaza.

Uji ulipokaribia kuganda, Mzee Donatus akakohoa. "Donatianus," akasema, kwa ile sauti ya mwalimu anayerudisha daftari, "ukilitazama vizuri, ni jina refu kuliko langu. Sikupaswa kusema si la ukoo wetu."

"Usitikise mkono, somo," Donatien akamjibu.

Ninawajua walimu. Hiyo ilikuwa radhi, na radhi kubwa.

Jumapili ile gari la Donatien lilimleta askofu, na kwaya ilikuja nyuma yake. Mkono wake mpya ulikuwa na makunyanzi ya Songea juu ya joho la Italia, na ukiutazama kwa karibu chini ya kifundo kuna alama ya dole gumba ambayo si ya Mzee Donatus. Ningeweza kuifuta. Sikuifuta. Paroko alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza, kisha akafanya kosa la kuuliza.

"Sasa, ndugu zangu, huyu ni Donatus gani?"

Nilishika rozari. Niliona midomo mitatu inafunguka pamoja, na machoni mwa paroko nikaiona saa yetu inakwenda kwa watu wapole.

Donat alimtazama Donatien. Donatien alimtazama Mzee Donatus. Mzee Donatus, ambaye nina hakika mpaka leo anaamini ni yule wa Fiesole, alimeza mate, akasema, "Baba Paroko, huyu ni somo wetu."

"Somo ni nini?" paroko akaninong'oneza.

"Ni mtu aliyepewa jina lako," nikamwambia. "Huchagui."

Alifikiri, akatazama waumini wote waliojaa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia habari za nyumbani kwake. Baada ya Misa alitangaza kwamba ile jumuiya nyingine itapata saa inayofuata yetu, na sisi tutabaki na saa yetu, mradi tuwaachie ukumbi umefagiwa. Watu walipiga vigelegele. Kisha, kabla hajafika sakristia, wakaanza kubishana nani atafagia.

Mwezi uliofuata niliwahi mapema, nikapiga foleni, nikatubu kwa Kiswahili kwa raha zangu. Nilichukua muda. Nilikuwa na mengi, maana wakati wa ugomvi ule nilikuwa nimewawazia akina Donatus wote watatu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Wewe uliyesoma mpaka mwisho, Mwenyezi Mungu aitunze mikono yako na akupe kazi itakayoistahili. Akupe somo duniani wa kukutania, na somo mbinguni wa kukuombea, na wakati utakapotetemeka, akuletee mtu wa kukwambia umpe yeye uzito. Amina.